Amonte Hiller: Nyota wa lakrosi aliyejenga mabingwa kwa wasioujua mchezo

MCHEZO wa lakrosi utakaporejea katika Michezo ya Olimpiki jijini Los Angeles, Marekani, mwaka wa 2028, itakuwa imetimia miaka 120 tangu uwaniwe medali kwa mara ya mwisho. Hiyo ilikuwa katika Olimpiki za London za mwaka wa 1908.

Hatua ya kuurejesha iliidhinishwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) katika kikao chake cha Mumbai, India, mnamo Oktoba 2023. Kwa mataifa yasiyokuwa na mizizi katika mchezo huo, uamuzi huo ulizua maswali mawili: wachezaji watatoka wapi, na ni nani atakayewafunza?

Jibu la haraka kwa swali la pili ni lile ambalo wasimamizi wa michezo hulikimbilia kila mahali. Mtafute mchezaji aliyevuma, mkabidhi timu, kisha usubiri vikombe.

Aghalabu vikombe hivyo havionekani. Mtu aliyejaliwa kipaji hutenda mambo bila kujua ayatendavyo, na akitakiwa kueleza hukwama. Humshangaa mwanafunzi anayeshindwa na jambo ambalo kwake yeye lilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Mashabiki nao, kwa kukumbuka enzi zake, humdai miujiza ambayo sasa inategemea miguu ya watu wengine.

Ni kwa sababu hii ambapo safari ya Mmarekani Kelly Amonte Hiller inastahili kuchunguzwa kwa makini. Alikuwa miongoni mwa wachezaji bora zaidi wa kike nchini humo katika miaka ya 1990. Baadaye akawa kocha wa Chuo Kikuu cha Northwestern, akakiongoza kutwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo mara nane kati ya mwaka wa 2005 na 2023.

Yapo mengi ya kusifiwa katika rekodi hiyo. Lakini lenye manufaa kwa mataifa yanayoanza leo ni moja: kocha huyu alianza na wasichana ambao hawakufanana naye hata chembe.

Mchezo wa wachache

Asili ya lakrosi ni jamii za wenyeji wa Amerika Kaskazini, wakiwemo Wahaudenosaunee, ambao waliucheza kwa karne nyingi kabla ya Wazungu kutia guu barani humo. Kwao haukuwa burudani tu. Ulichezwa pia kwa ibada na kwa kuwaombea wagonjwa afueni.

Mchezaji hushika gongo ambalo ncha yake ina kimfuko cha wavu. Kwa gongo hilo hudaka mpira mdogo wa raba, hukimbia nao, humpasia mwenzake au huuvurumisha langoni. Kugusa mpira kwa mikono hakuruhusiwi isipokuwa kwa kipa anapokuwa katika eneo lake. Katika mchezo wa wanawake kanuni huzuia kugongana kwa nguvu, hivyo wepesi wa mikono na miguu huwa na thamani kuliko ubavu.

Kwa miongo mingi mchezo huo nchini Marekani ulikuwa mali ya pwani ya mashariki. Ulistawi katika shule za majimbo kama vile Maryland, New York, Pennsylvania na Massachusetts, nyingi zikiwa shule za kibinafsi zenye karo ghali. Msichana wa majimbo ya kati angeweza kumaliza masomo ya sekondari bila kuliona gongo la lakrosi kwa macho yake.

Jambo hilo ndilo msingi wa hadithi nzima. Vyuo vya mashariki vilipokezana ubingwa kwa sababu vilikuwa karibu na kisima. Vya mbali viliamini kwamba havingeweza kushindana navyo, na kwa muda mrefu hakuna aliyejitokeza kuwathibitishia vinginevyo.

Enzi za uchezaji

Amonte Hiller alilelewa Massachusetts, katika familia iliyopenda michezo. Kakake, Tony Amonte, alivuma katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, akaichezea Chicago Blackhawks, na alikuwa katika kikosi cha Marekani kilichonyakua nishani ya fedha ya Olimpiki mwaka wa 2002.

Dada huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Maryland mwanzoni mwa miaka ya 1990, akawa chini ya kocha Cindy Timchal. Msaidizi wa Timchal alikuwa Gary Gait, raia wa Canada anayehesabiwa miongoni mwa wachezaji stadi zaidi wa kiume kuwahi kutokea katika mchezo huo. Gait aliwafunza wasichana wa Maryland mbinu za kulichezesha gongo ambazo awali zilidhaniwa kuwa za wanaume pekee.

Matokeo hayakukawia. Maryland ilitawazwa bingwa wa taifa mwaka wa 1995 na tena mwaka wa 1996, Amonte akiwa nguzo ya mashambulizi. Mataji hayo mawili yalikuwa mwanzo wa saba mfululizo ambayo chuo hicho kilitwaa hadi mwaka wa 2001. Yeye binafsi aliteuliwa katika orodha ya wachezaji bora wa nchi kila mwaka wa miaka yake minne chuoni, na mara mbili akatuzwa kuwa bora kuliko wote.

Katika timu ya taifa alishinda Kombe la Dunia mwaka wa 1997 nchini Japan na mwaka wa 2001 nchini Uingereza. Kwa kifupi, hakuwa na deni lolote la kulipa uwanjani. Angeweza kuchagua kazi nyepesi katika chuo chenye jina, akaishi kwa sifa zake.

Kazi aliyoichagua ilikuwa kinyume cha hayo.

Timu iliyokuwa imefutwa

Northwestern ni chuo cha kibinafsi kilichoko Evanston, jimbo la Illinois, kwenye ufuo wa Ziwa Michigan kaskazini mwa jiji la Chicago. Kilikuwa na timu ya lakrosi ya wanawake katika miaka ya 1980, na kwa muda mrefu kocha wake alikuwa Cindy Timchal yuyo huyo, kabla ya kuhamia Maryland. Mwaka wa 1992 chuo kiliiondoa timu hiyo katika orodha ya michezo yake rasmi. Ikabaki chama cha wanafunzi waliocheza kwa kujifurahisha.

Chuo kilipoamua kuifufua, kilimwajiri Amonte Hiller mwaka wa 2000, na msimu wa kwanza rasmi ukapangwa kuanza 2002. Kwa hivyo mwanafunzi aliitwa kujenga upya nyumba ambayo mwalimu wake aliwahi kuishi ndani yake, ilhali sasa hapakuwa na paa wala kuta.

Ugumu wake ni rahisi kuufahamu. Mchezaji hodari wa Maryland au New York hakuwa na sababu ya kuviacha vyuo vyenye mataji akaenda kuichezea timu isiyo na historia, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Kocha angeweza kulalamika kwamba hana wachezaji, na hakuna ambaye angemlaumu.

Badala ya kulalamika, aliwatafuta wanamichezo. Kisa kinachosimuliwa mara kwa mara ni cha mapacha wawili wa kike ambao aliwaona wakikimbia chuoni. Hawakuwa wamewahi kucheza lakrosi. Aliwasimamisha, akawaeleza nia yake, akawaingiza katika timu. Miaka michache baadaye walikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa.

Kisa hicho huelezwa kana kwamba ni bahati ya sadfa. Ukweli ni kwamba kilikuwa sera. Kocha alitathmini kile kisichofunzwa kwa urahisi, yaani kasi, nguvu na moyo wa kutokata tamaa, akaamini kwamba matumizi ya gongo yanaweza kufunzwa na mtu anayeyajua.

Na hapo ndipo ubingwa wake wa zamani ulipopata kazi mpya. Anayemfunza mchezaji aliyekomaa anaweza kuruka hatua. Anayemfunza asiyewahi kushika gongo hana budi kuuchambua mchezo kipande kwa kipande: namna ya kushika, namna ya kuubembeleza mpira usidondoke katika wavu, wakati wa kugeuka, wakati wa kupasi. Mambo ambayo Amonte aliyafanya bila kufikiri alipokuwa Maryland, sasa ilimlazimu ayafikirie moja baada ya jingine ili aweze kuyaeleza.

Pengine ndiyo maana nyota wengi hushindwa katika ukufunzi. Hupewa wachezaji wanaojua tayari, hivyo hawalazimiki kuwa walimu.

Mwaka wa maajabu

Msimu wa kwanza ulikuwa mchungu, na Northwestern ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Lakini kufikia mwaka wa 2005, msimu wa nne tu, ilicheza mechi 21 na kushinda zote. Katika fainali iliilaza Virginia kwa mabao 13-10, ikawa timu ya kwanza kutoka majimbo ya kati kuwahi kutwaa taji hilo.

Umma wa Marekani, hata hivyo, uliijua timu hiyo kwa jambo jingine. Mnamo Julai mwaka huo mabingwa hao walialikwa katika Ikulu ya White House kukutana na Rais George W. Bush. Picha ilipochapishwa, baadhi ya wasichana walionekana wamevaa ndara. Magazeti na runinga vikajadili viatu kwa siku kadhaa.

Ni vigumu kuwaza mabingwa wa kiume wakijadiliwa kwa miguu yao baada ya msimu bila kushindwa. Lakini kioja hicho kilionyesha bayana mahali ambapo michezo ya wanawake ilikuwa imewekwa: ushindi wao haukuwa habari, mavazi yao yalikuwa habari.

Mwaka huo huo ulidhihirisha upande mwingine wa Amonte Hiller. Wiki chache baada ya kuongoza timu yake kutwaa ubingwa akiwa kocha, alivaa jezi ya taifa na kucheza Kombe la Dunia lililoandaliwa Annapolis, Maryland. Marekani ilifika fainali lakini ikacharazwa na Australia 14-7. Ni wachache katika mchezo wowote ambao wamewahi kuonja ushindi na kichapo cha kiwango hicho, wakiwa kwanza ukingoni kisha uwanjani, ndani ya kiangazi kimoja.

Utawala na wafuasi

Baada ya hapo kilichofuata ni utawala. Northwestern ilihifadhi taji lake mwaka wa 2006, 2007, 2008 na 2009. Katika msimu huo wa mwisho ilishinda mechi zote 23 na kuipepeta North Carolina 21-7 katika fainali.

Mwaka wa 2010 msururu huo ulikatizwa na Maryland kwa mabao 13-11. Kocha wa Maryland alikuwa Cathy Reese, ambaye aliwahi kucheza bega kwa bega na Amonte Hiller chini ya Timchal. Northwestern ililipiza kisasi mwaka uliofuata kwa kuilaza Maryland 8-7. Mwaka wa 2012 ilishinda taji la saba kwa kuibwaga Syracuse 8-6, na kocha wa Syracuse hakuwa mwingine ila Gary Gait, aliyemfunza chuoni.

Ni wazi kwamba kufikia wakati huo mchezo mzima ulikuwa unaendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu waliopitia mlango mmoja wa Maryland. Tofauti ya Amonte Hiller ni kwamba alikuwa amefungua mlango wa pili.

Kupitia mlango huo walitoka washindi wa Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo iliyoanza kutolewa mwaka wa 2001. Kristen Kjellman aliitwaa mwaka wa 2006 na 2007. Hannah Nielsen, mzaliwa wa Australia, akaitwaa mwaka wa 2008 na 2009. Shannon Smith akafuata mwaka wa 2011.

La muhimu zaidi ni walikoelekea baada ya kustaafu. Lindsey Munday, aliyekuwa katika kikosi cha mataji ya kwanza, alikabidhiwa jukumu la kuanzisha timu ya Chuo Kikuu cha Southern California, magharibi kabisa mwa nchi. Ann Elliott akaanzisha ya Colorado. Nielsen akawa kocha wa Michigan, naye Smith wa Hofstra, New York.

Ramani ya mchezo ikabadilika. Ulioaminiwa kuwa wa pwani ya mashariki ukaota mizizi katika majimbo ambako haukuwa na shule wala desturi, na mara nyingi aliyeupanda alikuwa mwanafunzi wa Northwestern.

Si miujiza

Pamoja na sifa hizo, itakuwa makosa kuisimulia habari hii kama ngano ya mtu mmoja aliyeshinda kwa ari peke yake.

Northwestern ni chuo chenye uwezo mkubwa wa kifedha. Kilipoamua kuirejesha timu kilitoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji, viwanja, wasaidizi na, zaidi ya yote, muda. Kocha hakutimuliwa baada ya msimu wa kwanza wa vichapo. Angekuwa katika mfumo unaopima kazi kwa mechi tatu, huenda jina lake lingesahaulika mapema.

Kuna pia sheria. Mwaka wa 1972 Marekani ilipitisha sheria ijulikanayo kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Ni sheria hiyo iliyovilazimu vyuo kuwapa wasichana nafasi za michezo. Bila hiyo pasingekuwa na timu za kutosha, wala fainali, wala kazi ya kocha ya kugombewa.

Lakini sheria hiyo ilileta tokeo ambalo waliopigania usawa hawakulitarajia. Kabla ya kupitishwa kwake, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifunzwa na wanawake. Kazi hizo zilipoanza kuwa na mishahara ya maana, wanaume walizimezea mate, na kwa miaka mingi sasa wanawake wamekuwa wakishikilia chini ya nusu ya nafasi hizo.

Lakrosi ni miongoni mwa michezo iliyoukwepa mkondo huo. Sababu yake inaonekana katika safari hii: Timchal alimfunza Amonte, Amonte akamfunza Nielsen, naye Nielsen akapewa timu. Pale ambapo mchezaji anamwona mwanamke mwenzake akiongoza, na kuona kwamba kazi hiyo inaheshimiwa na kulipwa, huanza kujiandaa kuichukua akiwa bado anacheza. Mwana hutazama kisogo cha nina.

Miaka ya ukame

Baada ya taji la 2012 mambo yaligeuka. Miaka 10 ilipita bila ubingwa. Northwestern ilifika nusu-fainali mara kadhaa, lakini ikatolewa.

Sehemu ya sababu ilikuwa mafanikio yake yenyewe. Vyuo vingine viligundua kwamba wanariadha wazuri wanaweza kupatikana popote, vikaanza kuwasaka. Sheria za mchezo nazo zilibadilishwa ili kuongeza kasi, na mbinu za ulinzi zilizokuwa zimewachosha wapinzani zikapoteza makali. Aliyekuwa wa kwanza kuifumbua siri hakuwa tena peke yake katika kuijua.

Kilele cha uchungu kilikuwa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa 2021 timu iliingia nusu-fainali bila kushindwa hata mechi moja, ikanyeshewa mabao 21-13 na Syracuse ya Gait. Mwaka wa 2022 iliongoza dhidi ya North Carolina kwa tofauti kubwa katika hatua iyo hiyo, kisha ikasalimu amri 15-14.

Katika nchi nyingi kocha wa aina hiyo angeambiwa kuwa wakati wake umepita. Magwiji huwa na udhaifu mmoja: huendelea kurudia kilichowapa ushindi jana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Amonte Hiller alibaki, na msimu wa 2023 ulianza kwa kichapo kingine mikononi mwa Syracuse. Kisha timu ikashinda mechi 21 zilizosalia bila kuteleza. Fainali iliyochezewa Cary, North Carolina, ilikuwa ya upande mmoja, Boston College ikifungwa 18-6.

Kinara wa kikosi hicho alikuwa Izzy Scane, ambaye alikosa msimu mzima wa 2022 kwa sababu ya jeraha baya la goti. Alirejea, akatwaa tuzo ya Tewaaraton mwaka wa 2023 na 2024, na akastaafu kutoka mchezo wa vyuo akiwa na mabao mengi kuliko mchezaji yeyote aliyemtangulia katika ngazi ya juu ya michezo hiyo kwa wanawake.

Kwa taji hilo la nane, Amonte Hiller aliifikia idadi ya mataji ambayo mwalimu wake Timchal alishinda akiwa Maryland, kati ya mwaka wa 1992 na 2001. Timchal alihitaji miaka 10 kuyakusanya. Mwanafunzi wake alihitaji karibu miaka 20, na alianza bila timu.

Hata hivyo, taji la tisa lilimponyoka katika fainali mbili zilizofuata. Mwaka wa 2024 Northwestern iliongoza Boston College 6-0, ikapoteza 14-13. Mwaka wa 2025 ikalazwa 12-8 na North Carolina, ambayo haikushindwa na yeyote msimu huo. Kufika fainali tatu mfululizo zaidi ya miaka 20 baada ya kuanza kazi ni ushahidi kwamba kocha huyu aliendelea kujifunza. Kupoteza mbili kati yake ni ukumbusho kwamba wapinzani wake pia hawakulala.

Funzo kwa wanaoanza

Yote haya yana maana gani kwa taifa kama Kenya, ambako mashabiki wengi hawajawahi kuutazama mchezo wenyewe?

Afrika Mashariki si ngeni kabisa katika lakrosi. Mwaka wa 2014 Uganda iliweka historia kwa kuwa taifa la kwanza la Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya wanaume, yaliyoandaliwa Denver, Marekani. Mwaka wa 2019 wasichana wa Kenya walishiriki mashindano ya dunia ya chipukizi wasiozidi umri wa miaka 19 mjini Peterborough, Canada. Mwaka wa 2022 wanawake wa Uganda nao wakacheza mashindano ya dunia huko Towson, Maryland.

Mchezo utakaochezwa Los Angeles ni wa muundo mfupi, wachezaji sita kwa kila upande katika uwanja mdogo. Ni mchezo wa kukimbia huku na huko bila kupumzika. Nafasi zenyewe ni finyu mno, kwani ni timu sita pekee za wanaume na sita za wanawake zitakazoshiriki. Itakuwa ndoto kudhani kwamba taifa lililoanza juzi litaipiku Canada au Australia kufikia wakati huo.

Lakini swali lililopo kwa wasimamizi wa michezo si la mwaka wa 2028 pekee. Ni iwapo wanaujua mpangilio uliofaulu Evanston, na iwapo wana subira ya kuufuata.

Kwanza, Northwestern ilitafuta wanamichezo kabla ya kutafuta wachezaji. Shule za Kenya zimejaa wasichana wenye mbio na pumzi ambao hawatafika katika timu ya taifa ya riadha, kwa sababu foleni ya huko ni ndefu. Kumpa mmoja wao gongo si gharama inayoweza kulinganishwa na kumtafuta aliyekwisha kuiva ughaibuni.

Pili, ilimpata mwalimu aliyeujua mchezo kwa undani na kukubali kuufunza kuanzia alifu. Sifa za mkufunzi uwanjani zilifaa tu pale zilipogeuzwa kuwa somo. Taifa lisilokuwa na nyota wa aina hiyo linaweza kumwalika mmoja kwa muda. Lakini kazi yake iwe kuwafunza walimu na wachezaji pamoja, ili akiondoka aache watu wanaoweza kuendelea.

Tatu, ilimpa mwalimu huyo muda. Misimu mitatu ilipita kabla ya taji la kwanza, na chuo kilingoja. Hili ndilo gumu zaidi kwa mashirikisho ya michezo ambayo hubadilisha makocha kila matokeo yanapowaudhi mashabiki.

Nne, wachezaji wake walipostaafu hawakupotelea gizani. Waliingia katika ukufunzi wakiwa na jina, ujuzi na ajira ya kueleweka. Wanamichezo wangapi wa kike katika nchi zetu huacha kucheza wakiwa na umri wa miaka 30, na ujuzi wao ukazikwa pamoja na viatu vyao vya mazoezi? Kila anayeondoka hivyo ni kocha aliyepotea, na pengine ni timu nzima ambayo haitaundwa.

Mwaka wa 2012 Amonte Hiller aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa taifa wa lakrosi nchini Marekani. Heshima hiyo humhifadhi mchezaji kwa alichokifanya yeye mwenyewe. Kazi yake ya ukocha imehifadhiwa kwingine, Colorado, Michigan na Los Angeles, ambako waliokuwa wasichana wake walipewa timu nao wakaanza kuwasaka wengine.